Salamu Tupu

Mwaka 2001 nilipanda basi Ubena Zomozi, pale kando ya barabara ya Morogoro, nikiwa na chapati alizonifungia bibi na swali lake moja. "Huko serikali inakoweka makaratasi, kaniangalizie kama na sisi tumeandikwa." Wakati huo Ubena ilikuwa wilaya ya Bagamoyo. Nikadhani ni kazi ya asubuhi moja.

Nyaraka za Taifa ziko Mtaa wa Vijibweni, Upanga. Mama wa dawati akaniomba kalamu ya wino niiache kwake, akanipa penseli. Kwenye fomu nikajaza neno moja: Ubena.

Ubena zikaja, tena nyingi, ila za Njombe. Watemi, baridi, vita na Wahehe. Nikaelekezwa hata kitabu cha akina Culwick cha mwaka 1935, *Ubena of the Rivers*, nacho ni cha Wabena wa bonde la Kilombero. Kwetu hakuna mtemi wala baridi. Kuna vumbi, magunia ya mkaa na malori.

Siku ya tatu yule mama akanihurumia. "Mwanangu, wewe unatafuta kijiji. Mjerumani alikuwa anaandika njia na kodi." Basi nikaomba kodi: ile ya nyumba, iliyoanza kutozwa mwaka 1898, rupia 3 kwa nyumba ya shamba.

Majalada ya Wajerumani yameingizwa na UNESCO kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia tangu 1997, na nililishika la kwanza kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Karatasi ilikuwa ya rangi ya chai. Mwandiko umelala upande mmoja kama nyasi zilizopitiwa na mafuriko. Nilichotambua ni tarakimu na neno Bagamoyo. Nikafunua, nikafunua, mara katikati ikajitokeza barua ya herufi za Kiarabu. Kiswahili hicho, akanong'ona mama, hivyo ndivyo walivyoandikiana maliwali na maakida.

Kiswahili! Lugha ninayoiota, na sikuweza kusoma hata neno.

Nikaomba ruhusa, nikauchora mstari wa kwanza kama mtoto anavyochora nyumba, nukta kwa nukta. Ilinichukua karibu saa nzima, chumba kikafungwa.

Bibi alikuwa amesoma chuo Bagamoyo kabla hajaolewa huku. Alikisogeza kibatari, akapitisha kidole kutoka kulia. "Ila jenabi…" akaanza, akaendelea kwa sauti ya kukariri, kisha akacheka mpaka akashika mbavu. "Mjukuu wangu, umeniletea salamu tupu. Huyu mtu hajaanza kusema."

Aliifunga karatasi ile kwenye pindo la khanga. Msimu wa mvua uliofuata tukamzika.

Nimerudi Upanga mara nyingi tangu hapo, na herufi zile sasa nazisoma. Namba ya jalada sikuiandika.