Nani Ametazama Miguu ya Mama Leo?

Akina mama wenzangu, sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria tunayajua magamba ya samaki. Unapompara sato huoni gamba lililokaa peke yake. Kila moja limelalia jingine, na kwa pamoja humkinga samaki.

Ngozi yetu nayo Mungu ameiumba kwa mfano unaokaribiana na huo. Ngozi ya nje imejengwa kwa seli, yaani chembe ndogo sana zinazoonekana kwa hadubini. Seli hizi huzaliwa chini zikiwa hai. Kadiri zinavyosukumwa juu hujaa keratini, kitu kile kile kinachofanya kucha na nywele, kisha hubapa, hufa na kupangana kama magamba. Katikati yake kuna mafuta yanayozishikanisha, kama udongo unavyoshika matofali. Safari hiyo huchukua kama wiki 4, na kwa wazee huzidi. Kwenye unyayo tabaka hili hufikia unene wa milimita 1.5 hivi, maana ndilo linalobeba mwili.

Haya nilianza kuyafuatilia kwa sababu ya mama mkwe wangu. Alikaanga na kuuza samaki karibu na soko la Mwaloni, Kirumba, kwa miaka mingi, naye ana kisukari. Nyayo zake zilijaa magaga. Jioni moja mjukuu wake aliona alama za damu sakafuni. Mwiba wa samaki ulikuwa umezama unyayoni na usaha umeanza, lakini Mama hakuwa amesikia lolote. Tulimpeleka Hospitali ya Bugando. Mguu ulipona, ila vidole viwili vilikatwa.

Kwa nini hakusikia? Sukari ikizidi katika damu kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu. Mguu hausikii tena mwiba wala moto. Tezi za jasho nazo huacha kutoa unyevu, hivyo yale magamba ya juu hukauka na kupasuka. Mishipa midogo ya damu huharibika pia, na seli changa hazipati chakula cha kutosha. Tena sukari hujishikiza kwenye protini za ngozi na kuifanya ngumu, na seli zinazopaswa kusogea ili kuziba kidonda huenda polepole. Mkwaruzo unaopona kwa siku chache kwa mwenye afya, kwake huwa mlango wa vijidudu.

Wala si mama mkwe wangu peke yake. Huko Dar es Salaam, Dk. Zulfiqarali Abbas na wenzake waliandika mwaka 2005 juu ya wagonjwa wa kisukari walioumwa miguu na panya usiku.

Si kila mwenye magaga ana kisukari. Lakini yakifuatana na kiu isiyokwisha na kukojoa mara kwa mara, nenda kapime.

Nyumbani kwetu sasa miguu ya Mama hutazamwa kila jioni, juu, chini na katikati ya vidole. Maji ni ya uvuguvugu, na mtu mwingine huyapima kwa kiwiko. Tukimaliza tunamkausha vizuri, tunampaka mafuta, ila si katikati ya vidole. Hatembei peku hata ndani, na viatu vyake hukung'utwa kabla hajavaa. Sugu hatukati kwa wembe, na miguu haioteshwi moto. Kidonda chochote, hata kidogo kisichouma, tunakipeleka hospitali siku hiyo hiyo.

Mume wangu ndiye aliyechukua kazi hiyo. Mwanzoni Mama aliona haya. Alisema, "Mwanangu, mimi ndiye niliyekuogesha." Akajibiwa, "Sasa ni zamu yangu, mayu."

Kila Alhamisi Kuu tunakumbuka jinsi Bwana Yesu alivyowaosha wanafunzi wake miguu. Naye Paulo, akimwandikia Timotheo habari za wajane, aliihesabu kazi hiyo miongoni mwa matendo mema. Mgonjwa wa kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi anahitaji macho na mikono ya mwingine. Dada mpendwa, kama nyumbani kwako yuko mmoja, chukua beseni na taa jioni hii, ukae chini mbele yake. Wafundishe na watoto wako, wa kiume kwa wa kike. Bwana awabariki.