Niliwaambia mshike pembe, na pembe haikuwepo

Wasee, leo sina vichekesho. Mnakumbuka ile video nilipost nikiwa Muliro Gardens, kofia ya cowboy kichwani, viatu vya kuazima, nikiwafunza jinsi ya kupanda farasi? Farasi mwenyewe hakuwepo. Sijawahi hata kumgusa. Kakamega tuna boda na mafahali wa kupigana kule Khayega, farasi utamtoa wapi? Nilikuwa nimetoka tu kuacha chuo, mama haniongeleshi, nikataka kitu kimoja kiende vizuri. Maneno yote niliyatoa kwa video za Wamarekani. Nikasema: ukiona unaanguka, shika ile pembe iliyo mbele ya tandiko.

Video ikaenda. Kisha kijana mmoja, ametoka form four juzi, akaniandikia inbox. Alipanda farasi Nairobi, farasi akaanza kukimbia mdogo mdogo, akakumbuka mimi. "Bro, mkono ulishika hewa." Akaanguka, akavunjika kifundo cha mkono. Hata hakunitusi. Afadhali angenitusi.

Nikaifuta. Nikaweka pesa kidogo kidogo, nikapanda matatu ya usiku hadi Nairobi, nikalipia somo moja upande wa Karen. Saisi alikuwa mzee mmoja mpole. Nilipomwambia hiyo story ya pembe alicheka kidogo, halafu akanyamaza.

"Kijana wangu, hiyo pembe ni ya kamba ya ng'ombe."

Kumbe tandiko la cowboy asili yake ni wachungaji wa Mexico, vaqueros. Mtu anashinda juu ya farasi siku nzima, akimnasa ng'ombe kwa kamba anaizungushia pale kwa pembe. Ndiyo maana ni kubwa na zito, kilo 15 na zaidi, likisambaza uzito mgongoni. Ya hapa Kenya mengi ni ya mtindo wa Waingereza: madogo, mepesi, mbele hakuna kitu. Hata hatamu ni tofauti. Cowboy anashika kwa mkono mmoja, farasi wake amefunzwa kugeuka hatamu ikimgusa shingo. Sisi ni mikono miwili.

Nusu saa nzima mzee hakuniruhusu kupanda. Usimjie farasi kutoka nyuma, hakuoni. Njoo upande wa bega, ukiongea. Kaza mkanda wa tumboni, mtembeze kidogo, kaza tena, maana wengine hujaza pumzi ukiwafunga. Panda ukitokea kushoto. Kwa kikuku ingiza ile sehemu pana ya mbele ya wayo pekee, kisigino chini. Ukiingiza mguu wote halafu uanguke, unanaswa na kuburutwa. Na helmeti, si kofia ya cowboy. Hapo alinitazama sana.

Mimi nikapanda kama niko kwa boda: magoti nimebana, nimeinama mbele. Manze! Ukibana miguu farasi anaelewa unamwambia aende. Akaenda. Nikavuta hatamu nijishikilie, mzee akapiga kelele, kwa sababu hatamu zinaishia kwa chuma kilicho mdomoni mwake. Unamuumiza mnyama kwa sababu wewe umeogopa.

Kwa hivyo unashika nini? Manyoya ya shingoni, au ule ukanda ambao saisi humfungia farasi shingoni kwa wanaoanza. Kaa wima, sikio, bega, nyonga na kisigino mstari mmoja, macho mbele, pumua. Niliambiwa "pumua" kama mara ishirini.

Nikiwa njiani kurudi nilimwandikia yule kijana kila kitu, na pole yangu, ndefu kuliko hii. Tumefika Chavakali ndiyo akajibu: plasta imetolewa. Halafu: "So tunaenda lini pamoja?"

Bado sijamjibu. Mama aliniuliza nalia nini kwa simu asubuhi yote. Nikamwambia ni mambo ya farasi, akacheka, mara ya kwanza tangu niache chuo.