Nilipoanza Kutaja Bei Mbele ya Daktari

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, na nina presha. Kabla ya mabadiliko ninayoyaeleza hapa, dawa zangu za mwezi mmoja zilikuwa zinafika shilingi 170,000. Sasa hazizidi 30,000. Presha yenyewe, ambayo siku niliyolazwa ilisoma 190 kwa 110, siku hizi inacheza kwenye 130 kwa 80. Sijapona, kwa sababu presha ya aina yangu hutunzwa tu maisha yote. Nilichopata ni uwezo wa kuitunza kwa kipato changu mwenyewe, bila kuuza cherehani. Natoa ushuhuda huu kwa ajili ya wale wanaotoka hospitali na cheti mkononi, wasijue kilichoandikwa humo watakinunua kwa fedha ipi.

Matibabu ya kwanza nilipata hospitali binafsi, nami nawashukuru, maana walinitoa kwenye hatari. Nilipotoka walinipa cheti chenye mistari mitano. Mstari wa kwanza ulikuwa kidonge kimoja chenye dawa mbili ndani yake, amlodipine na valsartan, kikiwa kimeandikwa kwa jina la biashara. Wa pili ulikuwa dawa ya lehemu, nayo kwa jina la biashara. Mitatu iliyobaki ilikuwa vidonge vya mafuta ya samaki, vitamini za kila siku, na kopo la vidonge ambalo kibandiko chake kiliahidi kusafisha mishipa. Hakuna aliyeniuliza kama nitaweza kuvinunua, na mimi sikusema neno.

Huo ukimya ndio ninaotaka tuuzungumze. Kwetu ni fedheha kumwambia daktari kwamba huna fedha. Mtu anaogopa kudharauliwa, na zaidi ya hapo anaogopa akijulikana hana, atapewa dawa hafifu. Basi anaitikia "ndiyo daktari," anakunja cheti, na hesabu ya kweli anaenda kuifanyia dirishani kwa muuza dawa. Nimekaa kwenye mabenchi ya kliniki na wenzangu wengi, na hadithi ni ileile. Mmoja anameza siku moja, anaruka siku mbili. Mwingine anangoja kichwa kiume ndipo ameze, ilhali presha inaweza kupanda bila kuuma popote. Mama mmoja alikuwa akigawana karatasi moja ya vidonge na mumewe, kila mtu vitano, kwa kuwa wote wana presha. Daktari anapoona presha haishuki anadhani dawa imeshindwa, anaongeza nyingine juu yake, na cheti kinazidi kuwa ghali.

Aliyenifungua macho ni kijana mfamasia wa hapa mjini. Alikuwa ameshazoea kunikatia dawa kidogokidogo. Siku hiyo aliniuliza, "Mama, za mwezi mzima huchukui?" Nikamjibu, "Nikatie za wiki, mwanangu." Akasema kwa sauti ya chini, watu wa nyuma yangu wasisikie, "Bei ndiyo inakubana?" Nikakubali. Akaligeuza lile boksi na kunionyesha herufi ndogo zilizokuwa chini ya jina kubwa. Akasema jina kubwa ni la kampuni, na zile herufi ndogo ndizo dawa yenyewe.

Kwa kazi yangu nilimwelewa upesi. Kitambaa kilekile, ushonaji uleule, ukishona kibandiko cha duka maarufu kwenye ukosi, bei ya shati inapanda.

Alinieleza na sababu. Kampuni inayogundua dawa hupewa hataza, yaani haki ya kuitengeneza peke yake kwa miaka 20, ili irudishe gharama za utafiti. Muda huo ukiisha, viwanda vingine vinaruhusiwa kuitengeneza, na dawa zao ndizo zinazoitwa jeneriki. Norvasc, jina la kwanza la amlodipine, ilipoteza ulinzi huo Marekani mwaka 2007. Lipitor, jina la kwanza la dawa ya lehemu iitwayo atorvastatin, ilianza kuuzwa 1997 na ulinzi wake huko ukafika mwisho Novemba 2011. Valsartan nayo ilifuata mwaka 2012. Kwa maneno mengine, dawa zote tatu nilizokuwa nazihangaikia zilikuwa zimekwisha kufunguliwa milango zamani. Na Tanzania, kwa kuwa imo kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni, hailazimiki na kanuni za Shirika la Biashara Duniani kulinda hataza za dawa hadi tarehe 1 Januari 2033. Nafasi ipo kisheria kabisa. Ila mgonjwa mwenye cheti chenye jina la biashara hana pa kuijulia.

Yule kijana alikataa kunibadilishia papo hapo, na kwa hilo namheshimu. "Hiki ni kidonge cha dawa mbili, mama. Kukitenganisha ni kazi ya daktari. Rudi ukamwambie hivi ulivyoniambia mimi."

Kwanza nilikuwa na hofu ya kumaliza. Sisi tumezoea kusema rahisi ni ghali, na dawa bandia tumezisikia. Nilimuuliza mfamasia bila kumficha: nitajuaje kwamba hii ya bei ndogo si chaki? Akaniambia dawa ya jeneriki haisajiliwi kwa kuwa tu imeandikwa jina sahihi. Watu wenye afya humezeshwa dawa ya mwanzo, kisha kwa siku tofauti humezeshwa ile mpya, na kila mara hutolewa damu kwa saa kadhaa kuona dawa imeingia mwilini kiasi gani na kwa kasi gani. Matokeo, pamoja na nafasi yote ya makosa ya kipimo, lazima yaangukie kati ya asilimia 80 na 125 ya dawa ya mwanzo. Wapo wanaodhani maana yake ni kidonge chenye asilimia 80 tu ya dawa. Sivyo. Kiasi cha dawa ndani ni kilekile. Kinachopimwa ni namna mwili unavyoipokea, na kwa kuwa hata makadirio ya pembeni kabisa hayaruhusiwi kutoka nje ya mipaka hiyo, tofauti yenyewe huwa ndogo.

Pia alinionya kwamba zipo dawa ambazo hata tofauti ndogo ina uzito: warfarin ya kuzuia damu kuganda, baadhi ya dawa za kifafa, na dawa ya tezi ya shingo. Anayetumia hizo asihame kutoka kiwanda kimoja kwenda kingine bila daktari kujua na kumpima. Wala hakunificha kwamba Julai 2018 valsartan za makampuni mengi ziliondolewa sokoni Ulaya na kwingineko, baada ya uchafu unaoshukiwa kusababisha saratani kukutwa kwenye malighafi ya kiwanda kimoja cha China. Ndiyo maana nanunua kwenye famasi yenye mfamasia na kibali, naomba risiti, na nahakikisha dawa imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya serikali inayosimamia dawa. Orodha ya dawa zilizosajiliwa iko wazi kwa wananchi. Mwanangu huitafuta kwenye simu. Kidonge kinachouzwa kwenye basi au mnadani sikigusi hata nikipewa bure.

Nilienda kliniki ya presha ya hospitali ya serikali. Daktari alikuwa binti mdogo kuliko mwanangu wa kwanza. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, nikaketi. Kabla hajafungua faili nikamwambia, "Daktari, dawa nilizoandikiwa siziwezi. Nanunua nusu." Moyo ulikuwa unanienda mbio.

Hakunigombeza. Aliweka kalamu chini akauliza, "Kwa mwezi unaweza kutenga shilingi ngapi bila kukwama, mama?" Swali hilo sikuwahi kuulizwa na mtu yeyote mwenye koti jeupe. Nikajibu elfu thelathini. Akasema, "Haya, tuanzie hapo."

Alianza na vile ambavyo sikuvihitaji. Vidonge vya mafuta ya samaki, vitamini na lile kopo la kusafisha mishipa, vyote akavipiga mstari. Alisema kwa hali yangu haoni sababu ya kuviendeleza, na kwamba hakuna kidonge kinachosugua mishipa kama kibandiko kile kilivyodai. Vitu hivyo vitatu peke yake vilikuwa vinakula karibu theluthi ya fedha zangu. Mtu akiniuliza aanzie wapi, namwambia aanzie hapo: apeleke kila kopo na kila boksi mbele ya daktari au mfamasia, aulize kipi kinatibu nini. Fedha ya haraka kuliko zote imo humo.

Halafu akakitenganisha kile kidonge cha dawa mbili. Aliniandikia amlodipine peke yake, na mahali pa valsartan akaweka losartan, ambayo ni ya ukoo mmoja nayo na inapatikana kwa wingi. Alikiri kwamba kidonge kimoja kina faida yake, maana mtu husahau kidogo. Lakini akasema viwili vinavyomezwa kila siku vinashinda kimoja kinachomezwa siku fedha ikipatikana. Dawa ya lehemu ikabaki atorvastatin, kwa jina hilo tu. Akaagiza nipimwe figo na potasiamu baada ya kuanza losartan, na nipime presha nyumbani asubuhi na jioni kwa wiki za mwanzo, nikiandika kwenye daftari. Mashine niliazima kwa shemeji yangu. Wiki ya kwanza nilipima kwa wasiwasi, nikingoja namba zipande. Hazikupanda. Zilianza kushuka, na sababu haikuwa muujiza wa dawa mpya: kwa mara ya kwanza nilikuwa nameza dozi kamili kila siku.

Baadaye alinifundisha jambo la kukata vidonge. Dozi yangu ya amlodipine ni miligramu 5, na kidonge cha miligramu 10 mara nyingi bei yake haifiki mara mbili. Kwa hiyo nanunua cha 10, kile chenye mstari katikati, nakigawa kwa kikatio kidogo cha plastiki. Mtu asifanye hivyo kwa kusoma hapa tu. Zipo dawa za presha zilizotengenezwa kutoa nguvu polepole siku nzima, kama nifedipine ya aina hiyo, na ukizikata zinamwagika mwilini kwa mkupuo. Vidonge vya kapsuli navyo havikatwi. Uliza kwanza.

Kariakoo naenda kununua vitambaa na nyuzi, basi na dawa nanunua humohumo, kwenye famasi za jumla, boksi zima. Bei huko ni nafuu kuliko kukatiwa karatasi mojamoja mtaani. Lakini sishauri mtu apande basi kutoka Morogoro kwa ajili ya dawa tu, maana nafuu yote italiwa na nauli. Natazama tarehe ya mwisho wa matumizi kabla ya kulipa, na njiani siziweki kwenye buti la gari linalochemka. Tunaoonana kliniki tumeanza kuambiana bei: famasi ipi ina losartan ya bei gani wiki hii. Bei tunapeana, vidonge hatupeani.

Bima sina la kusema sana. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, nami nafuatilia inavyoanza kufanya kazi kwa watu wa sekta yetu. Mwenye umri wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo aulize dirisha la wazee kwenye hospitali ya serikali; sera inamruhusu kutibiwa bila malipo, na wapo wazee wasiojua. Kwa dawa zilizo ghali kupita kiasi, ziko njia nyingine. Glivec ya saratani ya damu, kwa mfano, imetolewa bure kwa wagonjwa wa nchi nyingi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kupitia mpango wa kampuni ya Novartis na shirika la Max Foundation. Mgonjwa hawezi kuijua mipango ya namna hiyo kwa kukaa nyumbani. Anayemtibu ndiye humwandikisha, naye hatamwandikisha mtu ambaye hakumwambia kwamba ameshindwa kununua.

Sasa hivi shughuli niliyo nayo ni ya dada yangu wa Kilosa. Damu iliganda mguuni, akaanzishiwa rivaroxaban kwa jina la biashara, na fedha ya mahindi inaishia humo. Warfarin ni rahisi mno, lakini inataka damu ipimwe mara kwa mara na kuangalia ulaji wa mchicha na kisamvu, usipande na kushuka ovyo. Ukijumlisha nauli za kwenda kupima na siku za shamba anazopoteza, sina hakika kama urahisi huo unabaki. Yako pia matoleo ya jeneriki ya rivaroxaban kutoka India, na hilo ndilo ninalotaka tuulizie kwanza. Nimeandika kwenye karatasi kiasi anachoweza kutenga kwa mwezi baada ya kuuza mahindi, na gharama ya nauli ya kwenda na kurudi. Siku yake ya kliniki nitaingia naye chumbani, na karatasi hiyo nitaiweka mezani kabla daktari hajashika kalamu.