Nyasi za Pwani na Udongo wa Miteremko Yetu



Kila msimu wa mvua unapokaribia huku Mbeya na Iringa naulizwa swali lile lile: "Bwana shamba, kila siku napalilia nyasi, leo unaniambia nizipande?" Mwenye ekari moja ana haki ya kuuliza. Mstari wa nyasi unachukua nafasi ya mahindi au viazi.

Jibu nililiona vizuri nilipokwenda likizo pwani. Upepo wa bahari husukuma mchanga. Ukikuta nyasi, hupungua mwendo na mchanga huanguka. Nyasi hutambaa juu ya mchanga huo na kutoa mizizi mipya, kilima kikatulia. Zikikanyagwa hadi kufa, mchanga huanza tena kuhama.

Kwetu kinachohamisha udongo mteremkoni ni maji, lakini kanuni ni ile ile. Nyasi hupunguza kasi ya maji, udongo ukabaki nyuma yake. Misimu ikipita, hapo hujengeka ngazi.

Ukiamua kupanda, zingatia haya:

1. Pima kontua kwanza kwa fremu ya A. Mstari ukishuka, maji yatakusanyika upande mmoja na kuchimba korongo.

2. Chagua nyasi kwa mahitaji yako. Mizizi ya vetiva inaweza kwenda chini hadi mita 3, nayo haisambai shambani. Guatemala na mabingobingo ni malisho mazuri, ila hugombania mbolea na mwanga na mahindi, hivyo zikate mara kwa mara.

3. Panda mvua zinapoanza. Vetiva iwe sentimita 10 hadi 15 kati ya shina na shina. Ziba mapengo mapema, maana maji yote hukimbilia penye pengo.

4. Baada ya mavuno, elewaneni na wafugaji. Mifugo ikiingia kiholela, kazi yote hupotea.

Mama mmoja ninayemtembelea alikubali kupanda mistari miwili tu ya guatemala. Sasa anakatia ng'ombe wake wa maziwa, na samadi inarudi shambani. Jirani yake wa chini, ambaye zamani alifukiwa miche na udongo wa juu, amekuja kuomba vipandikizi.

Andaeni vyenu sasa, kabla mvua hazijaanza.