Mdudu nambari 0000001

Nimenyamaza kwa wiki kadhaa, na leo nitawaeleza sababu, ingawa hainipi sifa yoyote.

Wengi wenu mnajua kwamba mimi na wenzangu wawili, mmoja yuko Eldoret na mwingine Mombasa, tunaandika programu huria ya kuweka hesabu za chama. Michango, mikopo, riba na faini, basi. Hatulipwi. Vyama vichache vinaitumia, na hitilafu zilikuwa zikitufikia kwa mlango wowote: ujumbe wa simu, barua pepe, hata salamu za kutumana kanisani.

Siku moja nikiwa kwenye matatu nilipata ujumbe kutoka kwa mweka hazina wa chama kimoja kule Machakos: "Kijana wangu, riba ya mwisho wa mwezi haikai sawa." Nikajibu, "Sawa mama, nitaangalia." Nikashuka, nikasahau.

Baada ya wiki 3 akanipigia. Wanachama walikuwa wameketi kumjadili. Kila aliyemaliza mkopo siku ya mwisho ya mwezi alikuwa ametozwa riba ya mwezi mwingine mzima, na watu walidhani mama anakula hizo pesa. Amewatunzia hazina kwa miaka 9. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Si nilikuambia?"

Nilifungua msimbo usiku uo huo. Kosa lilikuwa alama moja: tulilinganisha tarehe kwa "ndogo kuliko" badala ya "ndogo kuliko au sawa na". Kulirekebisha kulichukua dakika 10. Jamani, wiki 3 za kusengenywa kwa kazi ya dakika 10! Jumamosi iliyofuata nilipanda gari hadi Machakos, nikasimama mbele ya chama nikaeleza kuwa kosa ni letu.

Niliporudi tukakubaliana kutafuta mfumo wa kufuatilia hitilafu. Kumbe kuchagua nako ni kazi.

Mwenzetu wa Eldoret alitaka Bugzilla. Hoja yake ilikuwa nzito: iliandikwa na Terry Weissman mwaka 1998 kwa ajili ya mradi wa Mozilla, na imebeba mzigo wa kivinjari kizima. Lakini fomu yake ina visanduku vingi vya kujaza, na sisi ni watu watatu. Niliona ni kama kukodi lori la kubebea gunia moja la mahindi.

Wa Mombasa alitaka GitHub. Huna seva ya kutunza, na waandishi wengi wa programu wako huko tayari. Hata mradi wa Python ulihamishia hitilafu zake huko mwaka 2022, ukauacha mfumo wake wa Roundup. Ni kweli. Mimi nikamkumbusha Google Code: ilianza kuhifadhi miradi mwaka 2006, ikafungwa Januari 2016. Nyumba ya kupanga si mbaya, ila siku mwenye nyumba akibadilisha nia, wewe ndiwe unayebeba vyombo.

Mimi nilivutiwa na mtindo wa Debian. Hitilafu inaripotiwa kwa barua pepe, inapewa nambari, na hakuna anayelazimishwa kufungua akaunti. Tatizo ni kwamba mama yetu wa Machakos hatumii barua pepe.

Mwishowe tulichagua Mantis. Imeandikwa kwa PHP na inatumia MySQL, sawa na programu yetu, kwa hiyo ikiharibika tunajua pa kushika. Inakaa kwenye seva ile ile tunayolipia tayari. Kumbukumbu zote ziko kwenye hifadhidata yetu wenyewe, na tukitaka kuhama tunazitoa. Jina lake pia lilitufurahisha: ni yule vunjajungu, anayekula wadudu, na sisi hitilafu tunaiita mdudu.

Lakini tuambiane ukweli. Hakuna hata mmoja kati ya mifumo hiyo ambao ungemwokoa mama. Hangefungua akaunti popote. Alifanya lililo lake, akamwambia mtu anayemjua, na mtu huyo ni mimi. Kwa hiyo tuliongeza sheria mbili zisizo ndani ya programu yoyote. Kwanza, anayepokea ujumbe ndiye anayeuandika kwenye Mantis kabla ya kulala. Pili, nambari ya hitilafu inarudishwa kwa aliyeiripoti, kwa simu ile ile, na mdudu akishatengenezwa anaambiwa.

Mdudu wa kwanza niliyemwingiza alikuwa amekwisha kutengenezwa. Mantis ikampa nambari 0000001. Kwenye maelezo niliandika tarehe ya ujumbe wa mama na tarehe niliyofungua msimbo, ili zile wiki 3 zionekane na kila atakayekuja kusaidia mradi. Kisha nikamtumia mama nambari yake. Akajibu, "Nimeiandika kwenye kitabu cha chama."

Kama nawe una mradi mdogo na unahangaika kuchagua, usianze kwa kulinganisha orodha za sifa. Jiulize kwanza ni nani atakayekuambia programu imeharibika, na anatumia njia gani kukufikia. Halafu uliza ni nani kati yenu atakayeandika alichosema.

Kwaherini, tutaonana. Kuna wadudu 14 wananisubiri.