Bait Al Bagh na Majina ya Vyombo

Katika Maskati ya kale, si mbali na kasri ya Al Alam, imesimama nyumba iitwayo Bait Al Bagh. Aliijenga Sheikh Al Zubair bin Ali mwaka 1914, waziri na mshauri aliyewatumikia masultani watatu. Bagh ni neno la Kiajemi, maana yake bustani. Na hilo bustani, ambalo sisi twalidhani letu, nalo limetoka huko huko Uajemi.

Wakati ule haukuwa wa utulivu. Sultani Taimur bin Faisal alikuwa ndiyo kwanza amerithi kiti, mnamo 1913, na mwaka huo huo watu wa bara walikwisha kumtawaza Imamu wao. Januari 1915 walishuka hadi karibu na Matrah, wakapigana na askari wa Kihindi wa Waingereza. Mtu ajengaye nyumba katika hali hiyo, kwa maoni yangu, amekwisha kuazimu kubaki. Na kizazi chake kilibaki. Mwaka 1998 jamaa zake wakaifungua nyumba kuwa makumbusho.

Sisi wa Unguja hatukujaaliwa hivyo. Nyumba ya babu hatunayo tena, na bibi aliondoka mwaka 1964 na sanduku moja tu. Humo mlikuwa na mrashi, chetezo na dele la kahawa, vimeviringishwa ndani ya kanga.

Nilimpeleka Bait Al Bagh. Majambia na mikufu ya fedha aliipita upesi, kwani hakuwa mtu wa kushangaa mali ya watu. Penye vyombo vya nyumbani akasimama, akavisomea majina yake kama aitaye watoto: "Huu mrashi. Hiki chetezo. Hili dele, ila letu lina mdomo mrefu zaidi." Vibao vilivyokuwapo vilikuwa vya Kiarabu na Kiingereza. Wanangu, waliozaliwa hapa Maskati, wakamsikiliza kwa adabu; wao wajua dallah na mabkhara, na neno chetezo lilikuwa geni masikioni mwao.

Tangu siku ile nimeanza kubandika vikaratasi chini ya kila chombo kilichomo kabatini mwa bibi, naye hunisahihisha herufi. Jamaa mlioko Dubai, London na Mombasa, mwenye chochote kilichotoka nyumba ile na aniletee jina lake, kama wazee walivyolitamka.