Gurudumu Linalokataa Kuachiliwa

Wengi kati yetu hatuendeshi motokari, lakini motokari inatulisha. Kwetu nyumbani mshahara wa mwalimu haufiki mwisho wa mwezi. Taksi yetu ya zamani, ambayo nusu ya bei yake ilitoka katika likelemba, ndiyo inayolipa minervali ya watoto. Ikisimama juma moja tu, tunaanza kukopa dukani. Ndiyo sababu leo nawaandikia juu ya ugonjwa mmoja wa breki, unaokula feza polepole na siku moja unaweza kula watu.

Ulianza kimyakimya. Shemeji yangu, ambaye ndiye dereva, alisema esansi inaisha haraka kuliko zamani. Kisha usukani ukaanza kuvuta upande wa kushoto. Jioni moja alipofika kutoka Panzi, tulisikia harufu kali ya kitu kinachoungua. Tulikaribisha mkono bila kugusa: gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa linatoa joto kama jiko la makala, na la kulia lilikuwa vuguvugu tu.

Fundi wa kwanza alitazama dakika mbili, akasema: "Diski mbili na plaketi zote za mbele, dola 140." Hakuinua gari, hakufungua kitu. Nikamuuliza: "Fundi, umejuaje kama ni diski?" Akajibu: "Mama, ni mazoea." Katika masomo, mtoto akikosa hesabu simwambii anunue kitabu kipya, namuuliza alipotea kwenye hatua gani. Tulimshukuru, tukaenda kwa mwingine.

Huyu wa pili, mzee mwenye subira, alinieleza kwanza kazi ya breki. Diski inazunguka pamoja na gurudumu. Ukikanyaga pedali, mafuta ya breki yanasukumwa kupitia bomba la chuma, kisha mpira, mpaka kwenye pistoni. Pistoni inabana plaketi mbili juu ya diski. Ukiachilia mguu, mafuta sherti yarudi, na pete ya mpira iliyo kandokando ya pistoni inaivuta nyuma kidogo sana. Kitu kikizuia kurudi huko, plaketi zinaendelea kusugua hata mguu umekwisha kuondoka.

"Mama Mwalimu," akasema, "wenye kuzuia ni wachache. Tuwaulize mmoja mmoja." Pistoni inaweza kushika kutu ikiwa mpira unaoikinga na matope umepasuka. Misumari ambayo kishikio cha plaketi kinateleza juu yake inaweza kukauka. Mpira wa mafuta unaweza kuvimba kwa ndani: nguvu ya mguu inapitisha mafuta kwenda, lakini yanashindwa kurudi. Kamba ya breki ya mkono inaweza kukwama, lakini hiyo mara nyingi inabana magurudumu ya nyuma. Na kama magurudumu mengi yanabana pamoja, mtu atazame juu zaidi, kwenye pompa kubwa ya breki au pedali isiyorudi vizuri.

Aliweka mawe kwenye magurudumu ya nyuma, akainua mbele kwa kriki na kuweka vigingi vya chuma, akatoa vitesi. Gurudumu la kulia lilizunguka kwa mkono. Akamwambia shemeji akanyage breki na kuachilia: la kulia likazunguka tena, la kushoto likakataa. Kisha akalegeza kidogo visi ya kutolea hewa kwenye gurudumu hilo. Mafuta yakaruka, na gurudumu likaachiliwa palepale. Jibu likaonekana: pistoni haikuwa na kutu, bali mafuta yalikuwa yamefungiwa. Kama gurudumu lingebaki limebana, tungetafuta kwenye pistoni au misumari.

Lilibaki swali moja: mpira au pompa? Akafunga visi, shemeji akakanyaga tena na kuachilia. Safari hii fundi alilegeza kiungo cha juu, mahali mpira unapokutana na bomba la chuma. Gurudumu halikulegea. Basi mafuta yalikuwa yamezuiwa ndani ya mpira wenyewe, ambao kwa nje ulionekana mzima. Alibadilisha mipira miwili ya mbele, akatia mafuta mapya, akatoa hewa yote. Plaketi zilikuwa bado nene, na diski haikupasuka wala kupinda. Tulilipa dola 35. Zile diski mpya zingebanwa na mpira uleule mbovu.

Wamama, msidharau joto hilo. Mafuta ya breki yanavuta unyevu wa hewa mwaka baada ya mwaka. Yale ya DOT 3, yakiwa mapya, hayapaswi kuchemka kabla ya digrii 205. Yakiisha kunywa maji, kipimo kinashuka mpaka 140. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanwa kama sponji: pedali inafika chini na gari halisimami. Fikirini hilo kwenye mteremko wa kutoka Kadutu, watu watano ndani.

Kwa hiyo, yeyote mwenye taksi, au ambaye bwana au mtoto wake anaendesha, aulize kila jioni: gari linavuta upande? Kuna harufu? Gurudumu moja lina joto kuliko mwenzake? Likiwa na joto, msilimwagie maji, maana diski inaweza kupasuka, liacheni lipoe. Msikubali mtu apake mafuta ya mota kwenye mipira ya breki, yanaivimbisha. Na kabla ya kulipa kitu kipya, mwambieni fundi ainue gari na kuwaonyesha gurudumu linalobana na kinachoifanya libane. Fundi anayejua kazi yake hatachukia.